Kozi ipi ya mtandaoni ikufae kuhuisha cheti cha mkufunzi wa urubani cha FAA?

Mwenye cheti cha mkufunzi wa urubani kilichotolewa na FAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, anatakiwa kila baada ya miezi 24 athibitishe kwamba bado anastahili kufundisha. Njia inayotumiwa sana ni kozi ya kujikumbusha ya wakufunzi, maarufu kama FIRC, na siku hizi wengi huifanya mtandaoni. Wauzaji ni kadhaa: King Schools, Gleim, Sporty's, American Flyers, AOPA (chama cha marubani na wamiliki wa ndege cha Marekani) kupitia taasisi yake ya usalama, na wengine wadogo. Kila mmoja anatangaza kwamba kozi yake imeidhinishwa na FAA. Ni kweli, na kwa sababu hiyohiyo idhini haikusaidii kuchagua. Waraka wa FAA namba AC 61-83 unawadai wote masomo yasiyopungua saa 16, kwa hiyo anayekuahidi kumaliza kwa jioni moja hakuambii ukweli.

Kozi zinatofautiana katika mambo manne: nani anakumalizia maombi ya FAA, masomo yanakuja kwa umbo gani, yamesasishwa kiasi gani, na bei inahesabiwaje. Wanunuzi wengi huanza na bei. Sisi tunashauri uanze na maombi, kwa sababu huko ndiko watu wanakokwama wakiwa tayari wameshapasi masomo yote.

Kabla ya kulipa: je, unaihitaji kozi?

Kanuni ya FAA namba 61.197 inatoa njia kadhaa, na FIRC ni mojawapo tu. Kama ndani ya miezi 24 iliyopita umewapeleka watahiniwa 5 au zaidi kwenye mtihani wa vitendo, na asilimia 80 kati yao wamefaulu mara ya kwanza, umeshatimiza masharti. Kwa watahiniwa 5 hiyo ni 4 waliofaulu. Unachohitaji ni kumbukumbu zako, ambazo kanuni ya 61.189 inakudai uzitunze kwa miaka 3 hata hivyo, pamoja na miadi katika ofisi ya FAA ya eneo lako. Mkaguzi wa FAA hatozi ada.

Mkufunzi mkuu wa shule, rubani mkaguzi wa kampuni, au mtu ambaye kazi yake ni kuwapima marubani mara kwa mara anaweza kuhuisha kwa nafasi hiyo. Mkufunzi wa kijeshi wa Marekani aliyefaulu ukaguzi wake rasmi naye ana njia yake. Ukifaulu mtihani wa vitendo wa kuongeza idhini mpya ya ukufunzi, kwa mfano ya kuruka kwa ala au ya ndege za injini nyingi, miezi 24 inaanza upya. Kwa hiyo kama ulikuwa na mpango wa kuongeza idhini mwaka huu, usinunue kozi. Panga mtihani uangukie ndani ya muda wako.

Mabadiliko yaliyoanza 1 Desemba 2024 yameongeza njia ya WINGS, mpango wa FAA wa kukuza umahiri wa marubani. Mkufunzi aliyeendesha angalau shughuli 15 za kuruka zinazotambuliwa na mpango huo, akawapima marubani wasiopungua 5 tofauti, na yeye mwenyewe akawa amekamilisha hatua ya WINGS ndani ya miezi 12, anahuisha kwa kazi hiyo. Wanaoitumia bado si wengi, lakini anayefundisha marubani wenye leseni kuliko wanafunzi wapya inamfaa kuliko kukaa saa 16 mbele ya skrini.

Kama hakuna hata moja kati ya hizo inayokuhusu, basi FIRC ndiyo yako. Kozi moja inahuisha idhini zote zilizo kwenye cheti chako. Huhitaji kozi ya ndege za kawaida, nyingine ya ala na nyingine ya injini nyingi. Wala huhitaji cheti cha afya ili kuhuisha.

Jua mwezi wako

Tangu hiyo 1 Desemba 2024 vyeti vipya vya ukufunzi havichapishwi tarehe ya mwisho. Hilo limewafanya baadhi ya wakufunzi wadhani kwamba hawadaiwi tena chochote. Sharti halijaondoka: kila miezi 24 ya kalenda lazima uonyeshe uzoefu wa karibuni, na usipoonyesha huruhusiwi kufundisha wala kusaini kwamba mwanafunzi yuko tayari. Mwenye kadi ya zamani yenye tarehe aendelee kuihesabu tarehe hiyo mpaka atakapohuisha.

Tuseme muda wako unaisha Juni 2027. Ukikamilisha kila kitu kati ya Machi na Juni, FAA inahesabu kana kwamba umehuisha Juni, na kipindi kipya kinakwenda mpaka Juni 2029. Ukikamilisha Februari, utakuwa umejipunja, kwa sababu miezi 24 itahesabiwa kuanzia Februari. Juni ikipita hujahuisha, una miezi 3 ya kalenda, Julai hadi Septemba, ya kurejesha cheti kwa FIRC, lakini katika miezi hiyo huna ruhusa ya kufundisha hata saa moja. Oktoba ikiingia, kozi haikusaidii tena. Inabaki kufanya mtihani wa vitendo mbele ya mtahini, na gharama yake ya mtahini na ndege ni mara kadhaa ya bei ya kozi yoyote.

Kuna kikomo kingine kinachosahaulika: cheti cha kuhitimu FIRC kinakubalika kama umehitimu ndani ya miezi 3 ya kalenda kabla ya maombi. Anayemaliza kozi, akafunga kompyuta na kuahirisha maombi, anaweza kujikuta anarudia saa zote 16. FAA inahesabu kuhuisha, na kuhuisha hakukamiliki mpaka maombi yashughulikiwe.

Nani anakumalizia maombi

Ukipasi masomo, unafungua akaunti yako ya IACRA, mfumo wa maombi wa FAA, na kujaza fomu 8710-1 kwa cheti cha mkufunzi. Unaandika jina la kozi na tarehe ya kuhitimu, unathibitisha kwamba umesoma taarifa ya haki za rubani, kisha unasaini kielektroniki. Mfumo unakupa namba ya maombi. Namba hiyo, pamoja na FTN yako, yaani namba yako ya utambulisho katika mfumo huo, inakwenda kwa mtu mwenye mamlaka ya kuyapokea maombi na kuthibitisha utambulisho wako.

Mtu huyo anaweza kuwa mmoja kati ya watatu. Wa kwanza ni mkaguzi katika ofisi ya FAA: halipwi, ila unahitaji miadi, na ofisi nyingine huchukua wiki kadhaa kukupa nafasi. Wa pili ni mtahini aliyeteuliwa na FAA, ambaye huwa anatoza ada yake mwenyewe. Wa tatu ni mwakilishi wa uthibitishaji, ACR, anayefanya kazi chini ya mtoaji wa kozi. Watoaji wakubwa wanao wawakilishi hao, na kwa mtu mwenye shughuli nyingi hiyo ndiyo huduma inayofaa kulipiwa.

Hapa ndipo matangazo yanapopotosha. Kozi moja inasema bei ni pamoja na kushughulikia maombi. Nyingine inataja bei ya chini, na ada ya maombi inajitokeza ukurasa wa mwisho wa malipo. Ya tatu inakupa cheti cha kuhitimu tu na kukuacha ujitafutie mkaguzi. Zote zimeidhinishwa, lakini hazifanyi kazi moja. Kabla ya kulipa, pata majibu ya maswali haya kwa maandishi:

- Je, ada ya mwakilishi imo ndani ya bei?
- Utambulisho unathibitishwaje: kwa video, kwa mthibitishaji wa hati, au kwa kufika mbele ya mkufunzi au mtahini aliye karibu nawe?
- Mwakilishi anachukua siku ngapi za kazi, na siku za mwisho wa mwezi zikoje?
- Je, anashughulikia pia maombi ya kurejesha cheti katika ile miezi 3 ya baada ya muda kupita, au ya kuhuisha tu?

Swali la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana. Vipindi vyote vinaisha siku ya mwisho ya mwezi, kwa hiyo foleni ya maombi inajaa kuanzia tarehe 25. Anayetuma tarehe 29 jioni anaomba jambo ambalo halimo mikononi mwake.

Maombi hukataliwa zaidi kwa sababu ndogondogo kuliko kwa masomo. Jina kwenye kitambulisho halilingani herufi kwa herufi na jina lililo kwenye cheti. Mwanamke aliyebadili jina baada ya ndoa na wenye majina matatu ya Kiafrika yaliyogawanywa vibaya kwenye hati za Marekani hukutana na hili mara kwa mara. Anwani imebadilika na FAA haijaarifiwa, ilhali kanuni ya 61.60 inadai taarifa ndani ya siku 30. Au mwombaji amechagua aina ya maombi isiyo yake: kuhuisha badala ya kurejesha, au kinyume. Rekebisha jina na anwani kabla hujaanza kozi, kwa sababu marekebisho ya jina hayaishi siku moja.

Maandishi, video au darasa

Kozi ya maandishi, ambayo Gleim ndiyo inayojulikana nayo zaidi, inakupa muhtasari wa kusoma kisha maswali ya kila sehemu. Inamfaa anayesoma kwa kasi yake na kurudi nyuma anapotaka. Inafunguka vizuri hata mtandao ukiwa dhaifu, na ni rahisi kuitafuta tena unapotaka kujikumbusha kanuni fulani miezi sita baadaye. Ubaya wake ni kwamba kuna saa inayohesabu. Mfumo unapima muda uliokaa kwenye kila sehemu, na anayesoma haraka atamaliza ukurasa na kukaa akisubiri. Ukiondoka ukaacha ukurasa wazi, mifumo mingi inakutoa baada ya dakika chache na muda huo hauhesabiwi.

Kozi ya video, kama za King Schools na Sporty's, inamaliza tatizo la saa kwa kuwa muda wa video ndio muda wa somo. Inafaa zaidi kwa mada zinazohitaji jicho: mpangilio wa njia za kurukia na alama zake, mawasiliano na mnara, mwendo wa ndege inapokaribia kustoli, yaani mabawa kupoteza nguvu ya kuinua. Mkufunzi ambaye hajaingia ndani ya ndege kwa mwaka mzima atafaidika na video kuliko na maandishi. Lakini video inakula data. Saa moja ya ubora wa kawaida ni kiasi cha nusu gigabaiti hadi moja, na ubora wa juu ni mara mbili au tatu ya hapo. Kwa kozi nzima hesabu gigabaiti 10 au zaidi. Anayetegemea bando la simu aulize kama video zinaweza kupakuliwa, na kama muda wa kutazama nje ya mtandao unahesabiwa.

Namna ya tatu ni masomo ya matukio: unapewa hali, unachagua hatua, kisha unaonyeshwa matokeo. Taasisi ya usalama ya AOPA, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikichambua takwimu za ajali za ndege ndogo katika ripoti yake iliyojulikana kama ya Nall na sasa inaitwa ya McSpadden, ina hazina kubwa ya matukio halisi ya kuchota. Kwa mkufunzi anayefundisha kila siku na anayezijua kanuni, tunaipenda namna hii kuliko zote, kwa sababu inamgusa pale anapofanya maamuzi.

Darasa la moja kwa moja la siku mbili za mwisho wa wiki, ana kwa ana au kwa video, limebaki kwa wachache. Lina faida moja isiyopatikana kwingine: unamaliza. Mtu anayejijua kwamba kozi ya kujisomea itakaa wiki nane bila kuguswa, alipie darasa.

Somo zuri linaonekanaje

Watoaji wengi wanaruhusu kuonja somo moja bure. Usionje somo la utangulizi. Tafuta lile la ndege kupoteza udhibiti, kwa kuwa kila kozi inalo na ndilo linaloonyesha nani amefikiri.

Somo dhaifu litakuambia kwamba kustoli wakati wa kugeuka kwenda fainali, kipande cha mwisho kinachoelekea njia ya kurukia, ni hatari, kisha litakuuliza swali la kuchagua jibu kuhusu mwendo wa kustoli. Hakuna mkufunzi asiyelijua hilo.

Somo zuri linakuweka kwenye kiti cha upande wa kulia, cha mkufunzi. Mwanafunzi yuko kwenye besi, kipande kinachotangulia fainali, upepo unamsukuma kutoka nyuma, na mstari wa njia ya kurukia unampita. Anaona amechelewa kugeuka. Hataki kuongeza mwinamo kwa sababu ulimwambia asizidishe nyuzi 30, kwa hiyo anasukuma pua kwa usukani wa mkia wa upande wa ndani. Bawa la ndani linazidi kushuka, naye anazuia kwa eleroni ya upande wa pili, kile kibao cha bawa kinachoinamisha ndege. Pua inaanguka, anaivuta. Sasa ndege imevuka mizani, bawa la ndani litastoli kwanza, na chini kuna futi 400 au 500 tu, zisizotosha kutoka kwenye mzunguko wa kuanguka. Kisha somo linauliza: ulipaswa kusema wakati gani? Ni dalili gani ya kwanza uliyoiona, mpira wa kipimo cha mteremko au mguu wa mwanafunzi? Unachukua usukani saa ngapi, na ukishauchukua unampa somo gani mkishatua?

Somo la namna hiyo linatoa na hesabu inayotumika ubaoni. Katika mgeuko wa mwinuko usiobadilika, mwendo wa kustoli unapanda kwa kipeuo cha pili cha mzigo unaobebwa na mabawa. Ndege inayostoli kwa noti 50 ikiwa imenyooka itastoli kwa noti 54 hivi ikiwa imeinama nyuzi 30, noti 59 au 60 kwa nyuzi 45, na karibu noti 71 kwa nyuzi 60. Lakini somo sharti lisisitize kwamba hesabu hiyo inahusu mgeuko ambao rubani anavuta kushikilia mwinuko. Mwanafunzi anayefundishwa namba bila sharti hilo ataogopa mwinamo na kuukimbilia usukani wa mkia, jambo lilelile linaloua.

Angalia pia somo la uidhinisho wa kusaini, kwa sababu makosa ya wakufunzi ya kila siku yako huko. Je, linakukumbusha kwamba saini ya solo, ya kumruhusu mwanafunzi aruke peke yake, inadumu siku 90 kwa aina ile ya ndege? Kwamba mafunzo ya kumwandaa mtahiniwa lazima yawe yamefanyika ndani ya miezi 2 ya kalenda kabla ya mwezi wa maombi? Kwamba hutakiwi kufundisha angani zaidi ya saa 8 katika saa 24 zozote mfululizo? Kozi inayoeleza hayo kwa mifano ya saini zilizokosewa, na jinsi mtahini alivyomrudisha mwanafunzi nyumbani, inaokoa fedha za wanafunzi wako. Kozi inayokurudishia tu maneno ya kanuni haina zaidi ya kile unachoweza kusoma bure kwenye tovuti ya FAA.

Kozi iliyochacha

Sheria za urubani Marekani zimebadilika sana tangu 2024, na kozi ya bei ya chini mara nyingine ni kozi ambayo hakuna aliyeigusa. Fungua orodha ya masomo utafute mambo haya matano. Ukikosa mawili, iache.

Cheti cha mkufunzi kisicho na tarehe ya mwisho, tangu 1 Desemba 2024: kozi inayoendelea kusema cheti chako kinakufa imepitwa. Viwango vipya vya mtihani wa mkufunzi wa ndege za kawaida, FAA-S-ACS-25, vilianza 31 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya vile vya zamani vilivyoitwa PTS. BasicMed, utaratibu wa kuruka bila cheti cha afya cha kawaida cha FAA, ilipanuliwa 12 Novemba 2024: ndege ya hadi pauni 12,500 na watu 7 ndani yake, ambapo awali kikomo kilikuwa pauni 6,000 na watu 6. Kanuni za usalama za TSA, Mamlaka ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, kwa mafunzo ya urubani zilibadilika 30 Julai 2024, na mafunzo ya tahadhari ya usalama kwa wafanyakazi wa shule sasa hurudiwa kila miaka 2 badala ya kila mwaka. Mwisho ni MOSAIC, kanuni mpya za FAA kuhusu ndege ndogo na rubani wa michezo: tangu 22 Oktoba 2025 ruhusa za rubani wa michezo zimepanuka sana, na wanafunzi wako wataulizia kabla hujafungua mdomo.

Kuhusu TSA, baadhi ya kozi zinajumuisha moduli hiyo na kukupa cheti chake cha pekee. Nyingine hazina. Kama shule yako inakudai cheti hicho, kozi inayokipa imekuondolea kazi moja. Usidhani FIRC yenyewe inakitosheleza.

Bei

Kozi nyingi huzunguka dola 100, nyingine zaidi kidogo. Tofauti kubwa iko kwenye namna ya kulipia. American Flyers inajulikana kwa mpango wa kulipa mara moja na kurudi kuhuisha tena baadaye bila kulipia kozi upya. Wengine wanatoza kila miezi 24.

Fanya hesabu ya vipindi vitatu, yaani miaka 6. Tuseme kozi ya kwanza ni dola 100 na maombi dola 30 kila mara: ndani ya vipindi vitatu umelipa 390. Ya pili ni dola 180 mara moja, maombi dola 30 kila mara: jumla 270. Ya pili inaonekana bora, ila tu kama una uhakika utatumia FIRC mara zote tatu. Mkufunzi anayefundisha kila siku huenda kipindi kijacho akawa na watahiniwa wake 5, naye hatahitaji kozi. Kwa hiyo malipo ya mara moja yanamfaa zaidi mkufunzi wa muda, mwenye kazi nyingine, anayejua kwamba hatafikisha idadi hiyo. Soma pia masharti kuona kama ada ya maombi inabaki ileile au inapandishwa watakavyo.

Weka kwenye mizani na faida mbili za pembeni. Mkufunzi aliyehuisha kwa mujibu wa 61.197 ndani ya kipindi cha mapitio yake ya rubani ya kila miezi 24 haendi tena kwenye ile saa moja ya darasani. Anabaki na ya angani. Na mwenye cheti cha mkufunzi wa darasani anatimiza sharti lake la uzoefu wa karibuni kwa cheti cha kuhitimu FIRC cha ndani ya miezi 12. Hizo unazipata kwenye kozi yoyote iliyoidhinishwa, kwa hiyo usikubali muuzaji akuuzie kama upekee wake.

Kama unaishi nje ya Marekani

Wapo wakufunzi waliosomea urubani Florida, Texas au Arizona kisha wakarudi Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe, au wakahamia Dubai na Muscat, huku wakitaka kubaki na cheti cha FAA. Kwao uamuzi hauko kwenye video au maandishi. Uko kwenye njia ya kuthibitisha utambulisho. Chagua mtoaji ambaye mwakilishi wake anakubali kukuthibitisha ukiwa huko uliko, na umwombe akutajie hati anazokubali: pasipoti, kitambulisho cha taifa, au zote mbili. Kozi bora duniani haina maana kama hatua ya mwisho inadai ufike mbele ya mkaguzi aliye Orlando.

Pia, tangu 7 Julai 2025, mwenye cheti cha FAA ambaye hana anwani ya makazi Marekani lazima awe amemteua wakala wake nchini humo wa kupokea nyaraka za FAA, kupitia mfumo wa USAS. Wakala ni mtu mzima wa miaka 18 au zaidi, au taasisi, mwenye anwani halisi ya Marekani. Sanduku la posta halikubaliki. Bila wakala huruhusiwi kutumia cheti chako. Kama una ndugu Minnesota au Texas, mwombe kwa uzito, kwa sababu barua ikimfikia yeye inahesabiwa imekufikia wewe.

Kwa mtandao wa Afrika Mashariki, kozi ya maandishi ndiyo chaguo letu la kwanza, isipokuwa una intaneti ya waya nyumbani. Umeme ukikatika katikati ya sehemu, unapoteza dakika chache badala ya video nzima. Na kumbuka kwamba FIRC inahusu cheti cha FAA peke yake. Idhini ya ukufunzi iliyotolewa na KCAA ya Kenya au TCAA ya Tanzania ina masharti yake kwa kanuni za nchi husika, na cheti cha kuhitimu FIRC si mbadala wake.

Ratiba inayofanya kazi

Kwa muda unaoisha Juni, rekebisha jina, anwani na akaunti ya IACRA Februari. Anza kozi mwanzoni mwa Aprili, saa 2 kwa jioni, jioni 8. Usijaribu saa 8 kwa siku moja; kichwa kinachoka, maswali ya sehemu yanakurudisha nyuma, na saa inaendelea kudai. Weka nafasi ya wiki moja kwa dharura. Ukihitimu, hifadhi nakala ya cheti cha kuhitimu kwenye simu na kwenye barua pepe, kisha jaza 8710-1 siku hiyohiyo. Mwakilishi akishasaini, pakua cheti cha muda kutoka IACRA na ukichapishe, maana ndicho utakachoonyesha mpaka kadi ifike kwa posta kutoka Oklahoma City; cheti cha muda kinadumu hadi siku 120.

Wiki chache baadaye, ingia kwenye tovuti ya FAA ya kutafuta marubani, uandike jina lako na uangalie rekodi yako ya ukufunzi. Kama mwezi uliopo si ule uliotarajia, mwandikie mwakilishi mara moja ukiwa na namba ya maombi, kwa sababu kosa la kuandika tarehe ya kuhitimu linarekebishika kwa urahisi wiki ya pili kuliko mwezi wa 23.